Daraja la Mapaa Matatu: Historia ya Honey Run na Chama Chake

Katika Kaunti ya Butte, kaskazini mwa jimbo la California nchini Marekani, kuna mto mdogo uitwao Butte Creek unaoshuka kwenye korongo kutoka milimani kwenda kwenye bonde kubwa la mto Sacramento. Chini, kwenye tambarare, uko mji wa Chico. Juu, kwenye mgongo wa mlima wenye misonobari, uko mji wa Paradise. Kati ya miji hiyo miwili, mahali ambapo barabara nyembamba ya Honey Run huanza kupanda kwa kona kali, palikuwa na daraja la mbao lenye paa. Lilijengwa mwaka 1886. Mwaka 1901 likaezekwa. Mwaka 1965 liligongwa na lori, nusura libomolewe. Novemba 2018 liliteketea kwa moto wa nyika, ndipo watu wa korongo lile, baadhi yao wakiwa wamepoteza hata nyumba za kulala, wakaamua kwamba lazima lisimame tena.

Historia ya daraja hili haiwezi kutenganishwa na ya chama cha kujitolea kinachoitwa Honey Run Covered Bridge Association. Mbao na chuma vilipatikana, mafundi nao walipatikana, lakini daraja limedumu katika kumbukumbu na katika ardhi yake kwa sababu kilikuwapo chama kilichokataa kuliachia, na kilikataa mara mbili.

Msomaji atauliza kwanza kwa nini daraja liwe na paa. Wengi hudhani paa ni la kumkinga mpitaji na mvua, au la kuwatuliza farasi wasiogope maji. Sababu yenyewe ni ya kiseremala. Daraja la mbao hubebwa na kenchi, yaani fremu kubwa za miti zinazosimama pande zote mbili za njia, na kenchi hufa pale inapoungwa. Maji ya mvua huingia kwenye maungio, hukaa, hukauka nusu, huingia tena, na baada ya miaka michache mti unaoonekana mzima kwa nje umekwisha oza ndani. Fundi yeyote wa pwani aliyewahi kubadilisha boriti za nyumba iliyovuja anaujua ugonjwa huo vizuri. Daraja la mbao lililo wazi huweza kuchoka ndani ya miaka ishirini au hata kabla, ilhali lililofunikwa hupita miaka mia. Paa na kuta za mbao nyembamba ni nguo ya kenchi: zikichakaa unazivua na kuvalisha nyingine, na mwili unabaki.

Muundo wa kenchi za Honey Run ulikuwa ule wa Pratt, uliosajiliwa Marekani mwaka 1844 na Caleb na Thomas Pratt, baba na mwana. Akili yake ni rahisi kueleza. Mzigo ukipita juu ya daraja, miti ya wima hubanwa na viungo vya mshazari huvutwa. Mti hustahimili sana kubanwa, na chuma hustahimili sana kuvutwa, kwa hiyo muundo huo uliwafaa mno mafundi wa karne ya 19 waliokuwa na misitu mingi na chuma kidogo cha gharama kubwa. California ya wakati huo ilikuwa hivyo hasa. Madaraja yenye paa yalijengwa kwenye mito mingi ya jimbo hilo, na machache yamesalia: la Bridgeport lililojengwa mwaka 1862 juu ya mto Yuba, na la Knights Ferry juu ya mto Stanislaus, refu lenye futi 330.

Honey Run lilikuwa na urefu wa futi 238, yaani mita zipatazo 72, na kilicholitofautisha na mengine yote ni umbo lake. Lilikuwa na vipande vitatu visivyolingana, kile kikubwa kikisimama juu zaidi, na kila kipande kikiwa na paa lake kwa kimo chake. Ukilitazama kutoka ukingoni uliona mapaa matatu yakipanda na kushuka, kama kwamba nyumba tatu za ukoo mmoja zimejipanga kuvuka maji. Marekani nzima hapakuwa na daraja jingine la mapaa matatu namna hiyo lililobaki. Umbo hilo lilitokana na hesabu ya mafundi: kipande kirefu huhitaji kenchi ndefu kwenda juu, kifupi hutosheka na fupi, na walipokuja kuezeka miaka kumi na mitano baadaye walifuata kimo cha kila kenchi.

Kwa miongo mingi lilifanya kazi ya kila siku. Mikokoteni ilipita, wachimbaji waliokuwa bado wakitafuta dhahabu kwenye makorongo walipita, mbao na matunda kutoka mgongoni viliteremka, kisha magari yakaja. Honey Run ilikuwa mojawapo ya njia za kupandia Paradise kabla ya barabara pana ya Skyway kuchukua kazi hiyo. Historia ya kipindi hiki haina mengi ya kusimulia, na hiyo ni sifa kwa daraja.

Mambo yakageuka mwaka 1965. Lori liligonga kipande cha upande wa mashariki, daraja likafungwa. Kwa macho ya ofisi yoyote ya ujenzi hesabu ilikuwa wazi: daraja ni la mbao, ni jembamba, lina umri wa karibu miaka themanini, limevunjika, na magari yamekuwa makubwa. Daraja jipya la magari lilijengwa karibu na hapo. Kulibomoa la zamani ndilo lililoonekana jambo la busara, na madaraja mengi ya aina yake yalikwenda hivyo hivyo, bila mtu kusimama kuuliza.

Hapa waliuliza. Wakazi wa korongo na marafiki zao wa Chico na Paradise walijikusanya, wakachangishana, wakaunda chama, wakafuata kaunti. Kufikia mwaka 1972 kipande kilichovunjika kilikuwa kimerejeshwa katika hali yake ya awali. Daraja likafunguliwa kwa waendao kwa miguu tu. Mwaka 1988 likaingizwa katika Sajili ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, heshima ambayo lisingeipata kama lingekuwa limekwisha kuwa kuni.

Uamuzi ule wa miaka ya 1960 naona ndio mkubwa kuliko wote katika historia hii, mkubwa hata kuliko ule uliokuja baada ya moto. Watu wakifikwa na msiba mbele ya kamera za dunia, huruma hupatikana na mchango huja. Lakini mwaka 1965 hapakuwa na msiba wala kamera. Kulikuwa na lori, kipande kilichovunjika, na daraja kuukuu ambalo halikuwa na wa kulililia isipokuwa waliokuwa wakilipita. Kukataa wakati ule kulihitaji upendo usio na msukumo wowote kutoka nje.

Baada ya hapo chama kikaingia katika kazi ambayo vyama vingi hushindwa, ile ya kudumu. Daraja la mbao halikarabatiwi mara moja likaisha. Ubao wa sakafu huchoka, ubao wa ukuta hupasuka kwa jua, msumari hulegea, mtu huandika jina lake ukutani kwa kisu, paa huvuja mahali pamoja pasipoonekana. Yote hayo huhitaji fedha ndogo ndogo za kila mwaka, ambazo ni ngumu kupata kuliko fedha kubwa za mara moja. Wanachama wa Honey Run walizitafuta kwa njia ambayo watu wa huko wanaijua sana: asubuhi ya chapati za maji. Majirani huja na watoto, wanachama wa kujitolea hugeuza chapati kwenye vikaango vipana, mtu hulipa kiasi chake, anakula, anazunguka darajani, anarudi nyumbani. Fedha inaingia mfukoni mwa chama. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba mtoto amekula pale, na akikua atajiona ana sehemu yake katika mbao zile.

Ndivyo daraja lilivyopata kazi mpya. Harusi zilifungwa ndani yake na picha za familia zikapigwa chini ya kenchi zake. Wachoraji waliketi ukingoni. Kiangazi watu walishuka kuogelea, na waliosimama juu waliweza kutazama majini, maana Butte Creek ni mto wa samaki mashuhuri: salmoni aina ya Chinook wa majira ya kuchipua. Samaki huyu hupanda kutoka baharini mwanzoni mwa mwaka, hukaa kiangazi kizima katika vidimbwi virefu vya maji baridi bila kula, kisha hutaga vuli. Tangu mwaka 1999 analindwa na sheria ya serikali ya shirikisho, na Butte Creek ni miongoni mwa ngome chache zilizombakia.

Ikaja asubuhi ya Alhamisi, tarehe 8 Novemba 2018.

Mvua za msimu zilikuwa bado hazijanyesha. Majani yalikuwa makavu kabisa, na upepo mkali ulikuwa ukivuma kutoka kaskazini mashariki kupitia korongo la mto Feather. Karibu na kijiji cha Pulga ilisimama nguzo ya chuma ya laini ya umeme wa msongo mkubwa, mali ya kampuni ya Pacific Gas and Electric, na kwenye nguzo hiyo ilining'inia kulabu ya chuma iliyoshikilia kikombe cha waya. Kulabu hiyo ilikuwa na umri wa karibu miaka mia. Kwa muda wote huo ilikuwa ikibembea kwa upepo ndani ya tundu lake, chuma kikisugua chuma, ikilika kidogo kidogo mpaka ukabaki ukingo mwembamba. Kiasi cha saa 12 na nusu asubuhi ukingo huo ukakatika. Waya wenye umeme ukagusa nguzo, chuma kikayeyuka, matone ya moto yakaanguka kwenye nyasi.

Moto huo ukaitwa Camp Fire, kwa jina la barabara iliyo karibu na ulipoanzia. Ndani ya saa chache ulikuwa umeingia Paradise, mji wa watu wapatao 26,000. Barabara za kutokea zikajaa magari, zikaziba, wengine wakayaacha magari na kukimbia kwa miguu. Moto ulipodhibitiwa kabisa, tarehe 25 Novemba, ulikuwa umekula ekari 153,336 na majengo 18,804. Watu 85 walikufa. Mpaka leo ndio moto wa nyika ulioua watu wengi kuliko yote katika historia ya California. Mwezi Juni 2020 kampuni ya umeme ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia.

Moto haukuishia mgongoni. Uliteremka Butte Creek Canyon, ukachoma nyumba za korongo, ukafika darajani.

Hapa kuna jambo la kusikitisha katika ufundi wenyewe. Paa lililoiokoa kenchi isioze kwa zaidi ya miaka mia lilifanya hivyo kwa kuiweka kavu, na mti uliokauka kwa miaka mia na kitu ni kuni bora kabisa. Kuta zake ni mbao nyembamba zenye nyufa, ncha zake mbili ziko wazi, na upepo ukiingia upande mmoja hutokea upande wa pili ukivuta moto nyuma yake. Chini ya paa kuna nafasi ambapo cheche moja inayopeperushwa inaweza kujibanza. Daraja lenye paa halina namna ya kujitetea mbele ya moto wa upepo. Siku ile zimamoto waliokuwapo walikuwa wakiokoa watu, na hakuna mwenye akili ambaye angewataka wafanye vingine. Mapaa matatu yakaanguka mtoni. Picha zilizotoka baadaye zilionyesha vyuma vilivyopindika majini na nguzo za chini zikiwa zimesimama peke yake, hazina cha kubeba.

Sasa fikiria hali ya watu wa huko. Maelfu walikuwa hawana makazi. Wengine walilala katika mahema kwenye uwanja wa kuegesha magari wa duka la Walmart mjini Chico, wakisubiri habari za ndugu zao. Mji mzima wa Paradise ulikuwa umegeuka majivu. Je, ni wakati wa kuzungumza kuhusu daraja la kutembelea, lisilopitisha hata gari moja? Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Fedha ya msaada ni moja, na anayelala kwenye hema ana haki ya kwanza.

Lakini chama hakikuingiza mkono katika fedha ya aliyelala kwenye hema. Kilifanya kile kilichokijua tangu miaka ya 1960: kilitafuta michango yake chenyewe, kwa watu wanaoipenda Honey Run, taratibu. Na waliotoa walikuwamo waliounguliwa. Nadhani sababu yao inaeleweka bila maelezo mengi. Nyumba yako ikijengwa upya ni nyumba mpya, yenye ramani mpya na majirani wapya, kwa maana wengi hawakurudi. Mti wa uani umekwenda, shule imekwenda, kanisa limekwenda. Katika eneo zima lililoungua kulikuwa na vitu vichache sana ambavyo watu wote waliviita vyao kwa pamoja na ambavyo vingeweza kurudishwa kwa umbo lile lile. Daraja lilikuwa kimoja cha vitu hivyo. Wao ndio waliokuwa na haki ya kuamua kama linastahili, na wakaamua.

Kazi ilipangwa kwa awamu, kadiri fedha ilivyopatikana: kwanza kuondoa mabaki na kushughulikia nguzo za chini, kisha vipande vya daraja vyenyewe. Anayedhani ni kununua mbao na kupiga misumari hajawahi kujenga juu ya mto unaolindwa. Vibali vilihitajika kwa sababu ya samaki, maana mto wa salmoni haufanyiwi kazi wakati wowote mjenzi anapotaka. Wahandisi walitakiwa kuthibitisha kwamba daraja lenye sura ya 1886 litatimiza viwango vya usalama vya karne hii, vya mafuriko na vya tetemeko. Na daraja la mapaa matatu halina mfano mwingine uliosimama wa kwenda kupimia.

Tena walifanya hayo huku moto ukirudi na kurudi. Septemba 2020 moto wa North Complex uliiangamiza jamii ya Berry Creek katika kaunti hiyo hiyo na kuua zaidi ya watu kumi. Julai 2021 moto wa Dixie ulianza kwenye korongo la Feather, si mbali na ulikoanzia ule wa 2018, ukala ekari 963,309. Julai 2024 moto wa Park ulianzia katika bustani kubwa ya mji wenyewe wa Chico na kula zaidi ya ekari 429,000. Kuchangia daraja la mbao katika kaunti kama hiyo ni imani ya vitendo.

Wapo wanaopenda kulinganisha na Daraja la Kapellbrücke la mjini Lucerne, Uswisi, daraja la mbao lenye paa la karne ya 14, lililoungua usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 1993 na kufunguliwa tena tarehe 14 Aprili 1994. Miezi minane tu. Ulinganisho huo hauwatendei haki watu wa Honey Run. Lucerne ni mji tajiri, uliobaki mzima siku ya pili yake, na daraja lake ndilo alama yake mbele ya watalii wa dunia yote. Huku Butte, waliotakiwa kujenga ndio walioungua, na mkono mmoja ulikuwa bado unajenga nyumba. Mwendo wao wa taratibu ni wa haki.

Lipo pia swali la wapenda mambo ya kale: je, daraja lililojengwa upya ni lile lile? Mbao za 1886 zimekwenda; hakuna atakayezirudisha, na si vizuri kusema vingine. Hata hivyo daraja lililoungua lenyewe halikuwa la siku moja. Kenchi zilikuwa za 1886, paa la 1901, upande mmoja ulirejeshwa mwaka 1972, na mbao za sakafu na kuta zilibadilishwa kadiri zilivyochoka. Kila kizazi kilitia mkono wake. Kilichokuwa cha asili tangu mwanzo mpaka mwisho ni mahali, umbo na kazi ya kuvusha watu. Kwa kipimo hicho, mikono ya baada ya 2018 ina haki sawa na ile ya 1901, na daraja linaloinuliwa pale linastahili kuitwa Honey Run bila kuongezewa neno.

Chama kimebaki kuwa cha kujitolea. Hakina jengo la fahari wala jina kubwa nje ya kaunti yake, na mahitaji yake yatarudi kila mwaka kama zamani, kwa sababu ubao mpya nao utachoka. Hivyo basi, msomaji uliyeko California, au unayepita huko, ukifika Chico shika barabara ya Honey Run kuelekea mashariki. Ni mwendo mfupi kwa gari. Nenda wakati wa mchana, tembea kwa miguu, tazama majini kama utabahatika kuona salmoni. Ukiwakuta wanachama wameweka vikaango vyao siku hiyo, kaa ule nao, ulipe kwa ukarimu, na ukijaliwa uongeze mchango wako kwa ajili ya mbao zitakazofuata.